Supu ya Saa ya Maji Kujaa

Naapa kwa macho yangu mawili, hili zima na hili lenye ukungu, kwamba haya nnayoyaandika ni kweli tupu tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Nikitia chumvi, mkono huu ulioshika kalamu ukauke hapa hapa juu ya meza. Najua pale kwetu Malindi ya Unguja wapo watakaocheka, waseme Machano keshaanza. Wacheke. Ndiyo, niliwahi kusema barazani kwamba papa alinimeza mpaka kiunoni, akanitema kwa uchungu wa tumbaku. Lile lilikuwa la kupitishia jioni. Hili silo. Na mimi ni mtu mzima, nimestaafu ukarani wa bandari, sina maradhi, nikishaswali isha nalala fofofo mpaka alfajiri. Mtu wa namna hiyo atunge uongo apate nini?

Utaniuliza nimeyajuaje yaliyosemwa ndani ya nyumba ya watu. Nyumba yangu na ya Hija Makungu zinagawana ukuta mmoja wa mawe na chokaa, na chokaa yenyewe imeliwa na mvua, hasa kule nyuma kwenye vyoo. Jirani akivuta komeo, wewe unasikia. Akikohoa, unamwambia pole. Nimeishi na ukuta ule miaka thelathini. Sikuwa nikisikiliza. Nilikuwa nikisikia.

Hija alikuwa mchinjaji na muuza nyama sokoni. Mwaka huo, sabini na moja, mchele ulikuwa wa mgawo, unga wa mgawo, sukari ya mgawo, na watu wa mjini waliozoea biriani walijifunza kula muhogo asubuhi na muhogo mchana. Nyumbani kwa Hija hawakujifunza. Mchinjaji hakosi chake: leo figo, kesho ulimi, keshokutwa kapu la mifupa yenye uboho. Alikula nyama kama watu wengine wanavyokula mkate. Asubuhi maini yaliyokaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, mchana nyama, jioni ile iliyobaki mchana. Mkewe, Bi Mwanakheir, akimwekea kisahani cha mchicha pembeni, yeye hukisukuma kwa kidole.

"Mchicha mwachie ng'ombe," husema. "Mie namla ng'ombe, basi mchicha wangu nshaupata."

Harufu ile ilivuka ukuta. Mimi, niliyefiwa na mke, nilikaa na muhogo wangu na chumvi yangu; mdomo ulikula kwangu, pua ikala kwa Hija.

*

Bi Mwanakheir ndiye aliyeanza kuona. Hija alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, nyuma ya imamu, na safu ya kwanza watu huizoea kama mtu anavyozoea kiti chake. Ijumaa moja alionekana safu ya mwisho, karibu na viatu. Ijumaa ya pili alikaa ukumbini mwake na kanzu keshaivaa.

"Baba Shemsa, adhana hiyo."

"Nimesikia."

"Watu wanakwenda."

"Waende. Miguu ni yao."

Bi Mwanakheir alikwenda nyuma ya mtungi wa maji akarudi na vitambaa vitano, vimefuliwa, vimekunjwa. Mwanamume ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kufua hata kofia yake.

"Hivi vya nini?"

"Vya buchani."

"Vya buchani vina damu. Hivi havina damu."

Hija akatazama mlango, kisha akatazama miguu yake. "Tohara yangu sina hakika nayo, mama Shemsa. Nikishatawadha, nikisimama, linatoka tone. Nikikaa kwenda haja, hakiji kitu. Nakaa mpaka miguu inakufa ganzi. Nikiinuka tu, tone. Sasa nisimame mbele ya waja wa Mungu na najisi mwilini?"

"Tangu lini?"

"Tangu Idi ya mfunguo mosi."

Bi Mwanakheir akahesabu kwa vidole, akaacha. "Nenda hospitali."

"Nikavuliwe nguo na vibinti ambao mama zao wananiagizia nyama ya mchuzi? Heri nife na kikoi changu kiunoni."

Sokoni mambo yalikuwa yale yale, mbele ya macho zaidi. Foleni ya nyama inapinda mpaka nje, na yeye huweka kisu, hufuta mikono, huondoka. Hurudi. Baada ya robo saa huweka kisu tena. Siku moja mwanamke mmoja wa foleni alisema kwa sauti, "Huyu kaoa mke mdogo nyuma ya soko, nini?" Foleni nzima ikacheka. Hija naye akacheka. Nyuma ya soko, aliniambia baadaye, alikuwa amesimama na paji la uso ukutani, macho kafumba, akingoja kitu kinachokuja tone baada ya tone, na katika yale matone siku ile kulikuwa na wekundu. Damu kaishika maisha yake yote. Hakuwahi kuiogopa kabla ya siku ile.

*

Akaja kwangu baada ya laasiri, akafunga mlango mwenyewe.

"Machano, wewe umesoma."

Skuli nilikaa miaka miwili. Yaliyobaki nimeyaokota kwenye maandishi ya makasha na makaratasi yaliyotupwa na manahodha, na nikayasoma mpaka yakachakaa. Lakini mtu akikwambia umesoma, huanzi kumpigia hesabu ya miaka.

Akanieleza. Nikasikiliza kama sijui kitu. Kisha nikainuka, nikatoa rafuni kitabu changu kinene cha Kiingereza, kisicho na jalada, kilichojaa nambari safu kwa safu, nikakifungua katikati na kutia kidole.

"Hiki kinahusu maji," nikamwambia. "Yanavyoingia na yanavyotoka. Kimeandikwa na mabingwa wa London."

"Kinasemaje?"

Hapo ndipo pua yangu ilipochukua kazi ya ulimi. Nikamwambia kwamba maji yake hayatoki kwa kuwa nguvu ya kuyasukuma imepungua. Anywe supu ya makongoro, nzito, yenye uboho na mafuta yakielea juu. Asiguse mchicha, kunde wala nyanya, vinapoza mwili. Maji ya kunywa apunguze. Na saa za kunywa zimeandikwa humu: leo saa tisa na dakika kumi, kesho saa tisa na dakika hamsini, kila siku na saa yake.

"Na kuna sharti," nikasema, nikigeuza ukurasa. "Mgonjwa hanywi peke yake. Anywe na mtu aliyetahiriwa naye kumbi moja."

Hija akafikiri. "Sisi tulikuwa sita. Mjaka kafa. Usi kafa. Wale wawili wamehamia Bara."

"Basi sijui tutafanyaje."

"Umebaki wewe, Machano."

"Nimebaki mimi," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetwishwa mzigo.

*

Miezi mitano. Kila siku Bi Mwanakheir alileta mabakuli mawili, saa ile iliyosomwa kitabuni, na mafuta yakielea juu kama nilivyoagiza. Mashavu yangu yalijaa. Kanzu ikanibana kwapani. Barazani wakaniuliza nimepata mgawo wa wapi, nikawaambia nakula hewa ya bahari.

Hija akapungua. Kwanza shingo, halafu mabega, yale mabega yaliyokuwa yakibeba robo ya ng'ombe bila ya kupumzika njiani. Akaanza kukaa upande upande, kama kiti kina msumari.

"Machano, mgongo unaniuma. Huku chini. Mfupa wenyewe."

"Ndiyo dawa inashika," nikamwambia, na kijiko changu hakikusimama.

Niliona. Siwezi kusema sikuona. Niliona na nikanywa, na kila siku nikajiambia kesho ntamwambia aende hospitali, na kila siku bakuli likaja likiwa moto.

Bi Mwanakheir alikuwa akisimama mlangoni akitutazama, mikono katika kanga. Siku moja akauliza, "Shemeji, dawa hii mbona inamfaa anayemsindikiza mgonjwa kuliko mgonjwa?"

"Miili haifanani, shemeji."

"Naona," akasema, akaokota bakuli.

*

Ikafika Alkhamisi moja, mwezi wa tano wa supu. Asubuhi Hija hakwenda kazini. Saa nne tone likakoma. Saa sita tumbo lake la chini lilikuwa limeinuka, gumu, limewambwa kama ngoma, na yeye yuko sakafuni kwa magoti, paji la uso kwenye mkeka, jasho linachuruzika. Kupitia ukutani nilimsikia akisema neno moja tu, mara kwa mara: "Saa ngapi? Kitabu kinasema saa ngapi leo?"

Shemsa, binti yao, mwalimu wa skuli, akarudi akayakuta hayo. Hakupiga kelele. Alitoka akaja kugonga kwangu.

"Shikamoo, ami Machano."

"Marahaba, mwanangu."

"Nipe kitabu."

"Kitabu gani tena?"

"Cha dawa ya baba. Nampeleka hospitali sasa hivi, na daktari lazima ajue kapewa nini."

"Kitabu kile hakitoki nje, mwanangu, kina masharti ya..."

Akanipita, akakitoa rafuni. Alikisoma pale pale, kasimama. Uso wake niliuona ukibadilika taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba na hataki kufika mwisho.

"Ami. Hizi ni saa za maji ya bahari. Kujaa na kupwa. Bandari ya Unguja."

Nikaitazama rafu, pale alipokitoa.

"Babangu miezi mitano anakunywa supu maji ya Malindi yakijaa." Akageuza ukurasa wa mwanzo. "Na hata mwaka wenyewe si huu. Ni wa hamsini na nane."

Bakuli langu la jana lilikuwa bado mezani, mafuta yameganda meupe pembeni. Akalitazama. Akanitazama mashavu. Kisha akakiweka kitabu kwapani na kusema, "Njoo umbebe."

Kichochoro chetu gari haliingii. Kilichopatikana ni gari la mkono la sokoni, lile lile Hija alilokuwa akivutia nyama kutoka machinjioni, na mbao zake zina madoa ambayo hayatoki kwa maji. Tukamlaza juu ya magunia. Tukapita naye mbele ya foleni ya nyama. Yule mwanamke wa maneno ya mke mdogo alikuwepo. Akavuta kanga usoni. Hija alifunika macho kwa mkono, akasema, "Machano, pitisheni haraka. Wataniona nimelala wanapolala wao," na sikujua anasema ng'ombe au watu.

*

Daktari alikuwa Mchina, mtu mwembamba, wakimwita Daktari Lin, na muuguzi aliyemfasiria alikuwa Bi Time wa Mkunazini, mama mtu mzima mwenye miwani. Hija alipomwona akaanza kuuvuta ubao wa kitanda ainuke.

"Bi Time, wewe mteja wangu. Toka nje."

"Hija, mie nna watoto sita wa kiume. Huna kipya. Tulia."

Wakamtia mpira wa kutolea mkojo. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia maji yakiingia katika beseni, yanaingia, yanaingia, na nikamsikia Hija akilia kama mtoto kwa raha. Kisha daktari akavaa glovu, akampima kwa kidole.

Alipotoka, alimkalisha Bi Mwanakheir kwenye benchi. Akasema kwamba chini ya kibofu mwanamume ana tezi, ukubwa wake kama tunda la kungu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Ya Hija imekua, ina donge, na donge ni gumu kama jiwe. Lazima akatwe, na kipande kikapimwe Bara. Halafu akatoa daftari dogo mfukoni, akaanza kuuliza vitu ambavyo hatukuvitarajia. Mgonjwa anakula nini? Nyama mara ngapi? Mafuta gani? Mboga? Kunde?

Bi Mwanakheir akajibu yote. Akataja maini na uboho, akataja kisahani cha mchicha kinachosukumwa kwa kidole. Alipofika kwenye supu, akanitazama mimi.

Hija akaita kutoka nyuma ya pazia, "Muulizeni. Ndiyo nyama iliyonila?"

Daktari alifikiri kabla ya kujibu, na Bi Time akafasiri polepole. "Anasema hajui. Anasema hakuna anayejua kwa hakika. Kijijini kwao wanakula wali, maharage na mboga za majani, nyama siku ya sikukuu, na maradhi haya huko hayaonekani sana. Wapo madaktari wanaodhani mafuta ya nyama yana mkono katika jambo hili. Kwa hivyo anauliza kila mgonjwa, anaandika. Lakini kwako wewe hawezi kusema ni nyama." Bi Time akavua miwani. "Anasema anachokijua ni kimoja. Hii miezi mitano. Hiyo ndiyo iliyokula."

Hakuna aliyenitazama. Ingekuwa nafuu kama wangenitazama.

Ikaja habari ya damu. Bila ya chupa moja hapigwi kisu. Ya Shemsa haikupatana, ya Bi Mwanakheir haikupatana. Bi Time akauliza kama kuna mwengine.

"Yupo," akasema Bi Mwanakheir. "Huyo."

"Mie?" nikasema. "Mie mzee, jamani. Nna miaka sabini na mbili."

"Mwongo!" akasema Bi Mwanakheir. "Mlitiwa kumbi siku moja. Hija ana hamsini na tisa."

"Mimi nilichelewa."

"Ulichelewa miaka kumi na mitatu? Ungeingia kumbini na ndevu!"

Bi Time akacheka, hata daktari akacheka bila ya kufasiriwa. Wakanipima. Ikapatana. Nikalala, sindano ikaingia, na Bi Mwanakheir akaja akasimama juu yangu, mikono katika kanga, kama alivyokuwa akisimama mlangoni kwangu. Akaitazama damu ikishuka katika chupa, nyeusi, nzito.

"Mtoe vizuri, Bi Time," akasema. "Nyama yetu imo humo."

*

Akapasuliwa, akaamka, akarudi nyumbani. Kipande kikapelekwa Bara, na baada ya wiki nne ikaja barua yenye jina ambalo sote tulishalijua na hakuna aliyekuwa akilitaja: saratani. Siku hiyo tulikwenda hospitali sote wanne, Hija kwa miguu yake, taratibu, akishika kuta. Daktari akamgonga mgongo kwa kidole, mfupa kwa mfupa, na kila alipogonga Hija aling'ata midomo. Daktari akazungumza kwa muda mrefu. Bi Time akafasiri kwa muda mfupi.

"Imeshatambaa mifupani. Wataitibu ipungue kasi. Kuiondoa, hapana."

Shemsa akainuka akaenda dirishani. Hija akakaa pale pale. Akanigeukia, akanigusa goti, na wallahi hapakuwa na kisasi katika sauti yake.

"Machano. Kitabu kinasemaje leo?"

Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa la kusema tangu nilipoota meno, ulifunguka ukabaki wazi.

Daktari Lin alikuwa akinitazama. Akasema kitu, akanyoosha kalamu kwangu.

"Anauliza," akasema Bi Time, "wewe ndiye uliyekuwa ukinywa ile supu naye?"

"Kwa kusindikiza tu."

"Umri mmoja na yeye?"

"Karibu."

"Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja?"

Nikakaa vizuri, nikaweka mkono kifuani. "Siamki, Bi Time. Mwambie nalala fofofo kuanzia isha mpaka alfajiri. Hata kunguru..."

"Mara nne," akasema Bi Mwanakheir.

Alikuwa akitazama mbele, hakunigeukia.

"Tangu Ramadhani iliyopita. Mara nne, na juzi tano. Anavuta komeo, anakaa, kimya. Anakaa. Kisha anaanza kuupiga ukuta kwa ngumi, polepole, ili watu wasisikie. Miaka thelathini ukuta huo tunao pamoja, shemeji. Ulidhani una sikio upande wako tu?"

Shemsa akageuka kutoka dirishani. Bi Time hakufasiri. Hakukuwa na haja. Daktari akaandika mstari mmoja katika daftari lake, akalifunga, akavuta droo na kutoa glovu.

Nikamtazama Hija, nikidhani atacheka. Hija akainuka kwa shida, akanipa mkono anisaidie kusimama.

"Nenda," akaniambia. "Utakojoa raha, tutazungumza."

Nikaingia nyuma ya pazia. Kikoi nikakifungua mwenyewe. Nikalala ubavu, magoti kifuani, nikageukia ukutani, na daktari aliponiuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Tangu lini?", nikamwambia kweli.